Vinasaba Vyako Vimenivunjia Nyumba

Kibamba,
Dar es Salaam.
8 Juni 2025

Mpendwa Brightson,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, usilitilie maanani. Sie hatujambo kwa kujikaza. Natumaini wewe u mzima, maana nataka uisome hii ukiwa na nguvu zako zote. Ungekuwa hapa ungeniamkia shikamoo, na mie nisingeitikia.

Barua hii nimempa jirani yetu Kokushubila akuletee, kwa kuwa simu za dada yako hupokei. Kila nikipiga, eti uko maabara.

Ulipokuja likizo ulichukua makohozi ya shemeji yako Didas na ya mwanangu Elinaza, wote wako kwenye dawa za TB. Ukasema unachunguza vinasaba vya vijidudu vyao, ujue mtoto kaambukizwa na nani. Haya, tukakuamini, daktari wetu, wakatema.

Halafu ukaandika kwenye grupu la familia: "Vinasaba vya Elinaza havifanani na vya baba yake. Vimetoka nje." Brightson! Nje! Vijidudu umeviacha wapi? Neno moja tu lingekukondesha? Huku kwetu mtu akisikia vinasaba anajua kitu kimoja, anatafutwa baba wa mtoto. Mama mkwe hata kuwasha simu hajui, lakini alivyosomewa akapiga vigelegele.

Didas kahamia Madale kwa kaka yake. Nimemweleza, nimelia, nimemwapia. Ananijibu kwamba aliyesema ni daktari, tena ndugu yangu wa tumbo moja. Mtoto akimpigia, anakata.

Na wewe ulipoulizwa ukajibu, "Watu wasome vizuri." Wasome nini, kwamba mwanangu ni mwanaharamu? Umesoma mpaka basi, Kiswahili cha mama yako kimekushinda! Nina hasira na wewe, sikufichi.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Gibson pia. Mie simo.

Nilitaka nifungie hapo, lakini na hili ulijue. Juzi nilimkuta Elinaza chumbani, kajifunika uso kwa fulana ya baba yake ambayo haijafuliwa, anavuta pumzi kwa nguvu mpaka anakohoa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nataka nipate TB ya baba, mama. Tukifanana atarudi."

Mpigie Didas leo, sio ukitoka maabara. Mungu akutunze mpaka umalize hiyo simu, baada ya hapo tutajuana.

Dada yako, akupendaye kwa shida,
Tupokigwe