Karatasi Isiyo na Kichwa

Siku ya kwanza, 2/10/2000

Mvua tangu asubuhi. Viatu sita, wateja zero. Karatasi ya kuzungushia tumbako imekwisha. Daftari za jografia za mutoto yangu Murhula, za zamani akiwa shuleni, nimezivuta zote. Afrika nilimaliza juzi. Asia ilikuwa chungu.

Nikachokora ndani ya sanduku ya viatu. Nikapata karatasi safi imefichwa ndani ya kiatu ya Murhula mwenyewe, ya kushoto, yenye inangoja soli. Nikapasua sehemu ya juu, nikazungusha, nikavuta. Tamu.

Halafu njo nikasoma iliyobaki. Miye niliishia darasa ya ine ya primaire. Père alinifukuza sababu niliiga namna anapiga chafya katikati ya misa, na watu waliitika chafya yangu kuliko yake. Lakini Kifaransa ya karatasi za kuitwa, kila mutu wa Bukavu anaijua. Convocation. Mademoiselle Nsimire. Audition. Siku ya posho, yaani jumamosi, saa tatu, kwenye sal kubwa, ukumbi wa Nyawera, aje na kitambulisho.

Moshi ukapita njia mbaya. Katika muji huu audition ni meza, mukanda juu ya meza, na mutu anayeandika yale ulisema na yale hukusema.

Nsimire ni mujukuu yangu, binti ya Murhula, miaka kumi na tisa. Akafika mbio kutafuta karatasi yake, aliyoificha mahali baba yake havai. Akaiona mukononi mwangu, akashika kichwa. Kumbe siyo wenye mukanda. Ni kundi ya teatre. Wanatafuta vijana wawili. Unasimama mbele yao, unaonyesha unachoweza, na hiyo pia Kifaransa inaiita audition. Kifaransa iko maskini wa maneno. Jina ya kundi ilikuwa juu kabisa, na picha ndogo ya ngoma. Nilikuwa nimeivuta, na ngoma yake.

Baba yake hajui. Akijua, imekwisha. Amemutafutia nafasi ya secrétaire, karani, kwenye biro anapofanya kazi, ataanza siku ya kwanza ya juma ijayo. Nsimire akaniapisha ninyamaze. Niliapa kwa pua ya père. Tukarudisha karatasi ndani ya kiatu.

Siku ya pili, 3/10

Mazoezi kibandani mwangu, nyuma ya ngozi zilizotundikwa. Aliiga mama muuza sambaza wa soko ya Kadutu, anapima samaki na kidole gumba ndani ya kopo. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Halafu akajaribu kulia. Mbaya. Nilimwambia analia na mudomo, alie na mabega. Akalia na mabega. Mteja wa kwanza leo aliingia, akatoa pole, akatoka na viatu vyake bila kutengenezwa. Hasara, lakini hasara nzuri.

Huyu mutoto ana kitu. Siyo sababu ni wangu. Ndiyo, sababu ni wangu pia.

Wakati wa chakula Murhula alisema juu ya kijana wa jirani anayepiga gita: kucheza ni ya batoto, mutu muzima anafanya kazi. Nikamuuliza kama wale wanaocheza mupira ni batoto. Akaniambia nile. Murhula iko mutu muzuri, lakini alizaliwa na tai shingoni. Mama yake alikufa bila kunieleza aliitoa wapi.

Siku ya tatu, 4/10

Mambo yameharibika.

Murhula alipita kibandani kuuliza soli yake. Akaingiza mukono ndani ya kiatu kuonyesha mahali panapomuumiza. Akatoa karatasi.

Nilimuangalia. Alipangusa miwani na pembe ya shati. Akasoma. Akapangusa tena, akasoma tena. Mara tatu. Akakunja karatasi mara ine, akaiweka mufuko wa kifua, akafunga kifungo. Akaenda nyumbani, miye nyuma yake. Akamuuliza muke wake, mama wa Nsimire, kama chakula kiko tayari. Chakula kilikuwa bado. Akakaa. Halafu njo akamwambia. Mama Nsimire alianguka chini, akakaa pale kama gunia.

Bila kichwa, karatasi ile ni ya nani? Ya wenye bunduki. Siku hizi wanachukua sal yoyote, hata ya harusi.

Ningeweza kusema. Neno moja tu. Nilinyamaza. Kwanza kwa woga, tumbako ilikuwa mudomoni. Halafu akili yangu mbaya ikanieleza: Murhula hawezi kamwe kumupeleka binti yake kwenye teatre, lakini mutu akiitwa hivi, anapelekwa na baba yake mwenyewe, kwa wakati, na shati imepigwa pasi. 

Nsimire alirudi kutoka soko, akasikia, akafungua mudomo. Nikamukanyaga muguu. Nje nikamueleza yote, nikamuigia na baba yake: miwani mara tatu, kifungo, chakula. Akasema, "Babu, hii ni zambi." Nikamujibu, "Hii ni teatre." Hakucheka.

Siku ya ine, 5/10

Pasteri alikuja kuomba. Saa mbili nzima. Alimukemea Farao, alimukemea Herode, na kila mutu aliyekaa kiti na kuwasumbua wenye haki. Nilikuwa nimekaa kiti. Nilisimama.

Nilikosea hesabu. Murhula hataki kumupeleka Nsimire kule Nyawera. Amepanga: kesho alfajiri, camion, lori ya Kamanyola, kwa shangazi yake. Atafichwa kule mpaka watu wasahau. Mama Nsimire amefunga furushi.

Kamanyola! Siku ya posho ataamka katika mihogo ya shangazi, na sal ya Nyawera itachukua vijana wengine wawili.

Nsimire anasema kesho atasema kweli yote, hata kama mulango wa teatre utafungwa. Anakonda. Na Murhula, nilimukuta anapiga pasi shati moja kwa mara ya tatu. Mutoto yangu anateseka sababu baba yake alitamani kuvuta. Najichukia leo. Naandika hivyo wazi. Niko muzee mubaya.

Siku ya tano, 6/10

Camion haikuondoka. Barabara ya kushuka bonde imefungwa na askari, hawakusema sababu, hawasemaki. Wengine walilia pale parking. Miye nilimushukuru Mungu kwa sauti ndogo. Ni mara ya kwanza vita hii kunifanyia kitu kizuri, na sitaizoesha.

Nilimukalisha Murhula. Nilimwambia: mwenye kukimbia amekwisha kujibu. Anayeitwa aende mchana, kwa muguu yake, na watu nyuma yake. Hiyo siyo uongo. Ni kweli niliyoitumia vibaya.

Alifungua furushi ya Kamanyola. Halafu akasema, "Tutaenda sote. Miye nitaingia mbele yake. Wakitaka kupiga, waanze na miye."

Murhula! Mutu wa tai, mutu anayeogopa mende.

Hapo njo nilitaka kusema. Nilifungua mudomo kabisa. Nikaomba chumvi. Nsimire alikuwa mulangoni, alikuja kusema kweli, akasikia maneno ya baba yake. Akatoka nje. Mabega yake yalikuwa yanalia, na safari hii haikuwa mazoezi.

Siku ya posho, 7/10

Naandika na mukono wa kucheka. Nianze mwanzo.

Tulishuka kutoka Kadutu kama mazishi. Mbele Murhula, koti nyeusi, viatu vya kuazima sababu cha kushoto bado sijashona. Nyuma pasteri. Nyuma Mama Nsimire na blanketi, mikate na sabuni, kwa sababu huwezi kujua watamuweka siku ngapi. Katikati Nsimire, ameinama. Miye mukiani, nafikiri namna ya kufa kabla ya saa tatu.

Tukafika. Mulango ya sal imefungwa. Ndani, kijana anapiga kelele: wananiua, mama yangu, wananiua. Uso ya Murhula ikawa majivu. Pasteri akaanza zaburi, akasahau katikati. Nikamushika Murhula koti. Koti ikabaki mukononi mwangu, mwenyewe akaingia na bega, mulango ikapigwa ukuta.

"Muache uyu mutoto! Munipige miye!"

Kijana alikuwa amelala chini, peke yake. Hakuna mukanda. Kulikuwa na meza, watu watatu na termosi ya chai. Muzee mufupi mwenye fulari, kitambaa ya shingo, mukubwa wa kundi, akamuangalia Murhula toka kichwa mpaka viatu vya kuazima. Akasema, "Papa, ni vizuri sana. Lakini ngoja zamu yako."

Kijana aliinuka, akapangusa magoti, akaondoka na hasira, sababu alikatwa kabla ya kufa.

Vijana kumi na tano hivi walikuwa wamekaa kwenye viti, kila mumoja na karatasi yake. Karatasi zenye kichwa. Jina ya kundi, picha ya ngoma. Murhula akachukua moja. Akatoa ya kwake mufukoni, akaikunjua, akaziweka sambamba. Akaangalia mahali palipopasuka. Halafu akageuka pole pole, akaangalia mudomo wangu.

Nilikuwa na sigara. Niliimeza karibu yote.

Murhula akakaa kiti ya nyuma. Mama Nsimire akakaa, amekumbatia blanketi. Pasteri alikaa pia. Chai ilikuwa inanukia.

Wakaita, "Nsimire." Nilidhani atakimbia. Akaenda mbele. Muzee wa fulari akamupa kazi, bila maneno mengi: mutu amepokea barua. Tuonyeshe. Siyo muuza sambaza, siyo kitu tulichofanyia mazoezi. Barua!

Alisimama kidogo. Akaangalia nyuma ya sal, kwa baba yake. Halafu akatoa miwani yenye haikuwapo, akaipangusa na pembe ya shati yenye haikuwapo. Akasoma. Akapangusa. Akasoma. Mara tatu. Mgongo yake ilikuwa ya Murhula, shingo ya Murhula, ningeapa niliona tai. Akakunja karatasi, akaiweka kifuani, akafunga kifungo. Akauliza hewani, sauti ya chini, ya mutu anayeogopa kuvunja sahani, "Chakula kiko?"

Hakuna aliyepumua. Hata wale vijana wenye wanataka nafasi yake.

Halafu akasema, "Miye nitaingia mbele yake. Wakitaka kupiga, waanze na miye." Hakulia na mudomo. Hakulia na mabega. Hakulia kabisa. Sisi njo tulilia.

Nikasikia kiti inasogea. Murhula amesimama. Nikasema imekwisha, anatoka, binti amemuchekelea mbele ya watu. Akatoa miwani yake ya kweli. Akamwambia Nsimire:

"Nilikunja mara ine. Weye umekunja mara mbili."

Mutu mumoja alicheka. Halafu sal yote. Nsimire hakucheka. Alisema, "Ndiyo, papa," akafungua kifungo, akatoa karatasi yenye haikuwapo, akaikunja vizuri. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Murhula alihesabu na kichwa. Muzee wa fulari alikuwa anaandika, kalamu inapasua karatasi.

Walisoma majina mawili saa sita. La kwanza lilikuwa lake. Mama Nsimire aliwagawia mikate ya jela vijana wote, walioshinda na walioshindwa. Yule kijana wa kuuawa alikuwa wa pili. Alikula mikate mitatu.

Njiani kurudi, kwenye bariyeri, kizuizi ya barabara, askari akauliza tunatoka wapi na blanketi. Murhula, mutu asiyesemaka na askari, akajibu, "Kwenye audition ya binti yangu." Askari akamuangalia Nsimire kwa huruma. Akauliza kama wamemuachilia.

"Hapana," Murhula akasema. "Bamemushika."

Akacheka peke yake kupanda mulima yote ya Kadutu. Watu walitoka milangoni kumuangalia. Sijamusikia kucheka vile tangu alipokuwa na meno ya maziwa. Nilibaki nyuma sana. Nilijua zamu yangu inakuja.

Siku ya Yenga, 8/10

Mvua ndogo. Sikuenda kanisa. Nilimuacha Mungu apumzike na miye.

Mchana Murhula alikuja kibandani na sandali. Akakaa juu ya ndoo. Akaangalia nyundo, misumari, kila kitu isipokuwa miye. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyatayarishia hata majibu mawili, mazuri.

Akatoa furushi ya karatasi za biro, zile zimeharibika kwa mashini. Akaiweka juu ya meza.

"Baba, vuta hizi. Za mutoto, usiguse."

Akaenda.

Nilichukua ya juu. Ilikuwa haijaharibika. Kichwa yake iko, na muhuri. Barua ya biro: Mademoiselle Nsimire anapokelewa kama secrétaire, aanze siku ya kwanza, 9/10. Nikaisoma mara mbili, nikifikiri amekosea. Lakini Murhula hakoseaki karatasi. Aliiweka juu.

Nikapasua kichwa kwanza, kwa desturi. Nikazungusha. Inawaka vizuri kuliko Asia. Niliivuta yote mpaka signature.

Halafu nikachukua kiatu ya kushoto, nikashona soli.