Gari Linalotetemeka Likisimama

Alhamisi, Kawajense

Gari limezima tena, safari hii kwenye geti la ofisi, na Zawadi wa masijala akapaza sauti dirishani: "Limesinzia hilo, limwagie maji!" Nikacheka naye. Moyoni nilitamani kulia.

Keshokutwa nampeleka mama Sumbawanga kwa daktari wa macho, na gari hili likisimama tu linatetemeka kama lina homa. Fundi wa kwanza alipandisha sailensa tu, ile kasi ya injini gari likiwa limesimama, ikawa inanguruma bure. Siku mbili, mtetemo ukarudi.

Leo Fundi Nestori wa Shanwe amefungua throto, pale injini inapovutia hewa. Masizi matupu, kama kitako cha sufuria ya kuni! Akasafisha, kisha akauliza naendeshaje. Nikajibu kwa fahari kwamba tangu nilinunue sijavuka arobaini, na ni nyumbani na ofisini tu.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, dada. Injini haijawahi kupata moto wa kuunguza uchafu wake. Nyie waoga ndio mnatulisha."

Yaani miezi yote hii nalilinda, kumbe mimi ndiye ninayelijaza masizi.

Ameagiza kesho alfajiri nishike barabara ya Sumbawanga, nilikimbize themanini kwa nusu saa nzima. Themanini!

Nitaenda. Mama haoni vizuri, ila mtetemo atausikia, wa gari na wa mikono yangu. Wa gari umeshaondolewa. Wangu niumalize kesho, nikiwa peke yangu.