Kompyuta ya Karakana Imefunguka, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila kukuamkia.

Karakana yetu ya Ukunda inafanya kazi tena. Tangu tulipokuzika, ile mashine yako ya kuchonga milango ilikuwa imenyamaza. Ukiiwasha, kioo cha kompyuta kinauliza neno la siri, na neno hilo ulikuwa nalo wewe peke yako. Ulianguka ukitoka msikitini, Baba. Hukupata hata kutuaga, sembuse kutuambia habari za mashine.

Tulijaribu kila tulilolidhania. Jina la Mama, langu, la marehemu bibi. Kila ilipokataa, Mama alisema, "Jaribu tena, mwanangu. Hakuwa mtu wa kutuficha." Mwisho aliketi juu ya mbao akalia, kana kwamba ni yeye uliyemfungia.

Mafundi wakaanza kuondoka, wakaenda kuomba kazi kwenye mahoteli ya Diani. Ndipo nikamwita Mutiso, fundi wa kompyuta kutoka Mombasa, kijana wa bara, mpole. Aliondoa kifuniko cha mashine, akaichunguza ndani.

"Dada, kuifungua naweza," akaniambia. "Nikitoa betri hii ndogo, neno la siri litafutika. Lakini michoro ya mzee nayo inashikiliwa na betri hii hii, itafutika, na siwezi kuinakili kabla sijaifungua."

Michoro yako yote, Baba! Hata ule wa mlango wa madrasa ya Msambweni, uliouacha nusu. Nilitoka nje nikakaa penye vumbi la mbao. Ulikuwa ukinipangusa vumbi hilo kichwani ukinitania, "Umeshaota mvi, bibi yangu?"

Mama ndiye aliyeamua. "Itoe, mwanangu," alimwambia Mutiso. "Aliyeichora hayupo. Wanaokula kwa mashine hii wapo."

Akaitoa. Alipoiwasha tena, kioo hakikuuliza kitu. Kilikuwa kitupu. Mafundi waliobaki walishangilia, mimi nililia kama siku ile jeneza lako lilipotolewa nyumbani.

Jana nilikwenda Munje, kwenye ule mlango wa msikiti ulioutengeneza. Nilibandika karatasi juu ya nakshi, nikaisugua kwa mkaa. Maua yako yakatokea, moja baada ya jingine, mpaka macho yakaingia ukungu. Pembeni kuna jani moja limepinda, sijui mkono ulikuteleza au ulipenda tu. Nimelichukua lilivyo.

Nitaizungukia milango yako yote, hata ya Matuga, hata ikinibidi kuvuka bahari kwenda Wasini. Nitaichora upya ndani ya mashine. Na mlango wa madrasa nitaumaliza mimi, Inshallah, nao watoto wa Msambweni watausukuma kila asubuhi wakiingia kusoma.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Baba yangu.

Mwanao,
Mwanasiti