Ucuru Ndani ya Pipa Linalong'aa

Jumamosi, Karurumo. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua haijanyesha.

Leo tulifanya ibada ya shukrani kwa nyumba mpya ya mama mkwe, nami nilikuwa mshereheshaji. Kabla ya kushika kipaza sauti nilionja ucuru, uji wetu mchachu. Funda moja tu. Ulimi ukakunjamana kana kwamba nimelamba sarafu.

Nikauliza ulichachushiwa wapi. Nikaambiwa kwamba vibuyu havikutosha, hivyo mama mkwe aliuacha ndani ya pipa jipya la kukingia maji ya mvua, lile linalong'aa. Alilisugua kwa mikono yake mwenyewe.

Ni pipa la chuma lililopakwa zinki.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Uji ukichacha huzaa asidi ya laktiki, na asidi hiyo huila zinki polepole. Kila ioni ya zinki hushikwa na laktati mbili, mabaki ya asidi hiyo, kwa atomu zao za oksijeni, na kuwa chumvi inayoyeyuka na kutoweka machoni. Rangi ya uji haibadiliki. Darasani huuchora muundo huo kwa furaha, kwa jinsi ulivyopangika. Leo niliuona ndani ya vikombe vya watoto.

Niliiogopa sumu hiyo ya zinki. Niliogopa zaidi kumwaibisha mama mbele ya kanisa lake.

Nilisema hata hivyo. Niliwaomba waweke vikombe chini.

Kisha shangazi wa mume wangu akapaza sauti: "Aii, Mwalimu! Hata ucuru sasa unafanya mtihani?"

Wakaangua kicheko, lakini vikombe vikashuka, kimoja baada ya kingine.

Isipokuwa cha mama mkwe. Alinikazia macho, akakimaliza, akajaza kingine. "Huyo bwana yako nilimlea kwa uji huu," akasema, akanywa mpaka tone la mwisho.

Sasa ni jioni. Amejifungia chumbani, na tumbo linamsokota, namsikia akiguna. Nimempigia simu jirani mwenye gari, naye yuko njiani. Maisha yangu yote nimejivunia majibu sahihi. Jioni hii namwomba Mungu niwe nimekosea.

Mlango umefunguka. Mama anataka beseni, na anataka nilishike mimi.