Msumari wa Saba

Dada yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mwili wangu mzima, ila kichwa kimevurugika, na ni wewe tu utakayenisikiliza bila kunicheka. Haya, cheka kidogo.

Uliniuliza kuhusu kazi. Huu mwezi wa tano nakata vitambaa kwenye kiwanda kile cha kushona sare. Bosi wetu tunamwita Mama Taratibu, maana hajawahi kupaza sauti. Unamkumbuka yule wa kwanza, aliyekuwa akinirushia mkasi? Huyu hata uso hakunji. Ukutani amepigilia misumari saba. Ukiharibu kitu unakitundika mwenyewe, na wakati wa chai unaeleza ilikuwaje. Basi. Hukatwi mshahara wala husemwi. Mwanzoni nilidhani ni mtego. Mtu anakiri kosa, halafu wenzake wanamsogezea kikombe! Jamani, kiwanda gani hiki?

Mwezi uliopita jora zima la kitambaa cha bluu halikuonekana stoo. Minong'ono ikamwangukia babu wa stoo, aliyeshika funguo za pale miaka kumi na tisa. Msimamizi wa mashine akasema babu azikabidhi, aende zake. Mama Taratibu akajibu tungoje. Wiki ikapita, msimamizi akarudi na maneno yale yale, na mama na jibu lile lile. Nilimwona mzembe kweli. Tungoje nini?

Kisha watu wakaanza kutundika makosa mawili mawili kwenye msumari mmoja, ilhali ule wa saba, ulio karibu na meza yangu, hauna kitu. Jana nikamuuliza fundi wa vifungo sababu. Akasema babu wa stoo ndiye aliyeomba uachwe, eti kuna mtu atauhitaji, na mama akakubali.

Dada, mtu huyo ni mimi. Jora lile nililichukua mimi. Sikuiba. Kitambaa hukunjwa mara mbili ili mkasi utoe mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Mimi nilikitandaza bila kukunja, nikakata mikono ya mashati sitini, yote ya kushoto! Nikaogopa, nikaisukumia kwenye gunia chini ya meza, nikachukua jora jingine babu alipokwenda kunawa. Na siku zote hizo nilimwacha asemwe, huku kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Naona aibu mpaka sasa.

Leo nimetundika mkono mmoja kwenye msumari ule. Nikaeleza yote, nangoja nifukuzwe. Mama Taratibu akauliza tu kama gunia liko kavu, maana mikono ile itatoa mifuko ya aproni. Babu alinisogezea kikombe.

Nimekunywa, dada, na bado sielewi. Wewe ungemfanyia mtu hivyo?

Wabusu watoto, na shemeji asiache kujifunga shingo.

Mdogo wako,
Kushoto (ndivyo wanavyoniita tangu leo saa nne)