Mkazamwana wa Mungu

Samosir, Jumamosi

Ito wangu, ndugu yangu Binsar,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku ziwani. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa moshi wa kuchomelea vyuma kimetulia. Sisi huku hatujambo ya kusimama na kutembea. Vitunguu vimevunwa, vimeanikwa kila mahali hadi kwenye ngazi, kiasi kwamba anayetaka kuingia ndani lazima aruke kama mbuzi. Babu yetu Ompung yuko vilevile: asubuhi analalamikia magoti, mchana magoti yanapona yanampeleka kilabuni kucheza sataranji na kunywa tembo, na akirudi anatangaza kwamba kawapiga wote. Kila mara ananiuliza kama umepata mchumba. Mimi humjibu kwamba huko Batam hakuna wasichana, kuna meli tu.

Habari za Mama ziko mbele. Nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho, maana usipozifuata kama zilivyotokea utashika nusu tu, na nusu hiyo itakutia hofu bure.

Unajua kwamba nilipomaliza chuo, kanisa lilinirudisha hapahapa kwetu kuwafundisha akina mama kila Alhamisi. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Siku ya kwanza sikuwapa fungu la kukariri. Niliwauliza swali moja tu: huyu Mungu tunayemwimbia, ni wa namna gani? Wengine walitazama vidole vya miguu yao. Mwishowe Mama Lasma, yule muuza samaki mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo, akasema kwamba Mungu ni mkubwa. Nikamuuliza, na zaidi ya hapo? Akafikiri, akasema, "Mkubwa sana." Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini ndani yangu kitu kilinichoma. Wanawake hawa wamebatizwa, wamekula meza ya Bwana tangu usichana, na hilo ndilo jibu lote walilokuwa nalo.

Jumapili yake mzee wa kanisa, Baba Togar, alinisimamisha mlangoni mbele ya watu. Akanikumbusha kwamba amenibeba mgongoni nikiwa mtoto, kwa hiyo atasema bila kuzunguka. Akaniuliza, "We binti, utakapoolewa utamwendea baba mkwe wako umuulize yeye ni mtu wa tabia gani?" Nikasema hapana. "Basi na Mungu hachunguzwi. Anaogopwa, anatiiwa, tunakwenda nyumbani kula." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaondoka masikio yakiwaka moto.

Ito, unanijua. Nilikwenda na maneno hayo siku nzima kama jiwe ndani ya kiatu. Kilichonikera si kwamba alinikaripia, bali kwamba alikaribia kuwa na haki. Ni kweli, kwetu mkubwa hachokonolewi. Lakini ni kwetu pia ambako mgeni akishuka gatini hapewi hata maji kabla hajaulizwa ukoo wake, ukoo wa mama yake, na babu yake ni tawi la nani. Hatumuulizi kwa kumchokonoa. Tunauliza ili tujue yeye ni nani kwetu: tumwinamie, tumtanie, au tumkimbie. Bila hilo hatujui hata pa kumkalisha. Na Baba Togar mwenyewe anajua gharama ya kutouliza. Hukuwepo kwenye sikukuu ya mavuno, ngoja nikusimulie. Alikuja bwana mmoja kutoka Medan, mnene, mcheshi. Baba Togar, tembo likiwa limempanda, akadhani ni shemeji wa kutaniwa. Akampigapiga kitambi, akamuuliza kama ana mimba ya ngapi. Kumbe yule ni kaka mkubwa katika ukoo uliompa Baba Togar mke, watu ambao kwetu huinamiwa, hawataniwi! Watu waliokuwa wakicheka wakameza kicheko. Mkewe alijifunika uso kwa shali akalia. Wiki iliyofuata Baba Togar alivuka ziwa na nguruwe mzima aliyepikwa, kwenda kuomba radhi kwa magoti. Hakuwa amemdharau yule bwana. Hakumjua tu, na kutomjua kulimfanya amtendee jambo ambalo asingelitenda hata kwa kulipwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona Mama.

Unakumbuka wanavyoishi yeye na Ompung. Mkazamwana na baba mkwe hawasemezani uso kwa uso, na tangu Baba afariki hakuna mtu mzima wa kupitishia maneno ila mimi. "Mwambie Ompung wako chai iko tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Nami nasimama katikati, wakati wote wawili wanasikiana vizuri. Nikiwa sipo, Mama anauambia mlango: "Mlango, wali umeiva." Na Ompung anaijibu fimbo yake: "Fimbo, twende tukale." Simcheki hata mmoja wao. Ni heshima, na nyumba yetu imesimama kwa heshima hiyo. Ila jioni moja tulikuwa mezani, wingu limetanda, vitunguu viko nje, na Mama akaniambia kwa sauti ileile kabisa, "Mwambie Mungu asubirishe mvua."

Mwambie. Nikabaki na kijiko hewani. Nikaanza kurudi nyuma katika kumbukumbu zangu, nikitafuta siku hata moja niliyomsikia Mama akiomba kwa kinywa chake. Sikuipata. Alikuwa akimtuma Baba, akimtuma mchungaji, akikutuma wewe kabla hujaondoka, na sasa ananituma mimi. Kanisani huimba, kwa kuwa wimbo ni wa wote, lakini sala ikianza hufunga mdomo na kuinamisha kichwa, kama anavyofanya kila Ompung anapopita sebuleni.

Kesho yake, tukikata mikia ya vitunguu, nilimuuliza kwa nini. Mwanzoni alinikwepa, akasema wasomi wana maswali mengi kuliko kazi. Nikaendelea kukata. Baadaye akaanza kusema mwenyewe, akikitazama kisu. Akanikumbusha mdogo wetu Sahat, na ile homa. Alisema kwamba siku moja kabla ya Sahat kufariki, yeye alitoka nje nyuma ya jiko akamlilia Mungu kwa sauti, akamwambia huna haki, akamwamuru amponye mwanawe. Asubuhi mtoto akafa. "Nilimfokea mkubwa," aliniambia. "Akanifundisha adabu. Tangu siku hiyo sijamsumbua tena."

Ito, niliweka kisu chini. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia hivyo, kwamba Mungu aliua mtoto kwa sababu mama yake alipaza sauti. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema hakuna aliyemwambia. Na mimi nikaelewa kwamba hakuna pia aliyemwambia vinginevyo. Jumapili baada ya Jumapili amekaa kwenye benchi lile, akimpa Mungu utii wote, akimwogopa kama mtu anayeishi na muuaji wa mwanawe chini ya paa moja na kumpikia. Baba Togar anasema kuogopa na kutii kunatosha. Mama yetu alikuwa navyo vyote viwili, na vilikuwa vinamla.

Alhamisi iliyofuata nilitupa somo nililoandika. Niliwaambia akina mama kwamba leo Mungu ameshuka gatini, nasi tutamuuliza ukoo kama tunavyomuuliza kila mtu, na majibu tutayatafuta ndani ya Biblia wala si vichwani mwetu. Anakasirishwa na nini? Anawaita nani wanawe? Analia? Hapo wakabisha. Mama Lasma alisema Mungu hana pua ya kukamulia makamasi. Nikamfungulia pale kaburini kwa Lazaro, akasoma mwenyewe kwa sauti kwamba Yesu alilia machozi, akasoma tena polepole, kisha akakaa bila utani. Tukasoma pale kisimani Samaria, namna alivyoongea na mwanamke yule ana kwa ana bila kumpitishia mtu. Tukasoma habari za baba aliyemwona mwanawe kwa mbali akakimbia. Nikawaomba wamwone mzee wa heshima, kikoi cha kiunoni kakikunja mkononi, miguu mikavu nje, anakimbia njiani watu wakitazama. "Ompung wako akikimbia hivyo tutamwokota vipande!" Mama Lasma alipiga kelele, na wengine wakaangushana kwa kucheka. Mama yetu pekee hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma, kidole kwenye mstari.

Ndipo nikawauliza: basi kwa Mungu wa namna hiyo, sisi ni nani? Mkazamwana au binti? Mkazamwana hupita kando ya ukuta. Binti je? Wakajibu kwa fujo, kila mmoja na lake. Binti anaingia bila hodi. Anafunua sufuria. Anauliza mbona mmekula nyama bila mimi. Analia akitaka, ananuna akitaka, na akifukuzwa kwa mumewe anarudi kulala kwao. Mama aliondoka kabla ya sala ya mwisho, sikumwita.

Habari zilimfikia Baba Togar zikiwa zimeongezwa chumvi, kwamba eti nafundisha wanawake kumvunjia Mungu heshima. Nikaitwa mbele ya baraza la wazee. Ningeweza kuondolewa. Nilisimama, nikaomba radhi kwanza kama inavyompasa mdogo, kisha nikasema kwamba mtu anaweza kumkosea mwenzake vibaya akiwa hana dharau hata chembe, kwa sababu tu hakuuliza yeye ni nani. Sikusema zaidi. Mchungaji alipatwa na kikohozi cha ghafla. Baba Togar alinitazama muda mrefu, masikio yamekuwa mekundu, kisha akaangua kicheko kile chake cha kilabuni. Akasema, "Huyu mtoto anataka nipike nguruwe wa pili." Akasema niendelee, ila nisiwafundishe akina mama kufunua sufuria za watu. Siku hizi mkewe anahudhuria, na yeye mwenyewe hupita karibu na dirisha akijifanya anakagua mabati.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo karatasi hii yote imekuwa ikilisogelea. Keti, ito wangu.

Mama ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliuhisi tangu wakati wa kupanda mpunga, akaufunga kwa kitambaa, akakaa kimya. Aliniambia Jumatatu, tukifua ziwani. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakusema, akajibu kwamba alidhani ni adabu nyingine inamjia, na mkubwa akikuadabisha huulizi. "Lakini ulivyosema Alhamisi ile," akaniambia, "nikajiuliza, je, kama siye yeye aliyeuweka?" Tulikwenda hospitali ya ng'ambo. Daktari amethibitisha kwamba ni saratani, na kwamba hatujachelewa sana. Atapasuliwa Alhamisi ijayo. Kuniahidi kwamba atapona, hakuniahidi, na mimi sitakuahidi wewe.

Kwa Ompung ilinibidi nipeleke mimi habari, Mama akiwa amesimama jikoni anasikia. Mzee akaiambia fimbo yake, kwa sauti kubwa ili ifike jikoni, kwamba kama kuna mtu katika nyumba hii anaumwa basi aende akatibiwe, nguruwe watalishwa na yeye, na yeyote atakayeleta uvumi wa uchawi kijijini atapambana na fimbo. Mama aliushukuru mlango. Heshima yao haijavunjika, wala sitaki ivunjike. Ompung ni baba mkwe wake kweli.

Lakini leo asubuhi, kabla ya chai, nilijiandaa kumwombea kama kawaida, na Mama akanishika mkono akanizuia. Alisimama katikati ya jiko, hakupiga magoti, hakuinamisha kichwa. Alianza, "Baba, ni mimi, Mama Binsar." Akasita. Akatikisa kichwa, akasema hapana, wewe hukunijua kwa hilo. Akataja jina lake la usichana, lile alilopewa kwao na ambalo hakuna anayeliita tangu wazazi wake wafe. Sitaliandika hapa, wewe na mimi haturuhusiwi kulitamka. Mungu anaruhusiwa. Akamwambia kwamba anaogopa kisu. Akamwambia kwamba kwa habari ya Sahat bado ana uchungu naye na hatauficha tena, na kwamba amesikia kuwa yeye hulia, basi kama alilia siku ile ilimpasa aje aseme. Akamwambia aje hospitali mwenyewe, asitume mtu. Kisha akasema amina, akaniuliza kwa nini nimesimama kama nguzo wakati chai inachemka na kumwagika.

Nimesoma vitabu vingi, ito, na nimekaa miguuni pa walimu waliojua Kiyunani. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yetu jikoni leo.

Omba ruhusa kazini uje kabla ya Alhamisi, na usije na uso wa msiba. Ompung anakusalimu, Mama Lasma anakusalimu na kusema anakutunzia samaki mkubwa. Mama anasema uvae sweta kwenye feri.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Lamtiur