Mashine Ambayo Haikuwa Yangu

Jumatatu, 3 Agosti 1992

Nimerudi kutoka Bukoba, benki. Nilivaa suti ile ya Kigali, nikaingia kama mtu anayekuja kuweka fedha, siyo kukopa. Bwana mikopo hakubabaika. Kanipa kiti kibovu. Mkopo wa mashine ya kusaga upo, kasema. Riba ipo, ukichelewa inazidi, na kibanja changu cha migomba na kahawa alichoniachia marehemu baba kinakaa rehani. Nikauliza: mashine ikifa je? Kasema benki haijui mashine, inajua fedha zake. Iwe inasaga, iwe imelala, deni liko palepale. Aliongea kwa upole, kama daktari anayekupa habari mbaya.

Mimi, Leonidas, nimekuwa utingo wa malori miaka tisa. Mombasa naijua, Kampala inanijua. Darasa la tano niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa maneno. Lakini pale kwenye kiti kibovu nilitoka jasho.

Mke wangu Mukandekezi kauliza imekuwaje. Nikamwambia benki wanaomba niwafikirie.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Zubeiri, mwenye duka hapa Ihanda, yule ambaye babu yake alitoka Pangani. Nikamwomba anikopeshe fedha, riba apange yeye. Kacheka. Kasema dini yake hairuhusu, riba ni haramu kwa anayekula na anayelisha. "Fedha sikuuzii, Baba Anastazi. Mashine nitakuuzia."

Mpango wake: anainunua Mwanza, mali yake kwanza. Ikifika ananiambia wazi kainunua kwa ngapi na faida yake ngapi, nikiridhika tunauziana. Nalipa kwa kahawa, misimu mitatu. Nikichelewa bei haipandi. Kibanja anakishika rehani, ndiyo, mfanyabiashara si malaika, lakini siku ya kuuziana, siyo kabla.

Nikaona tumemaliza. Nikatoa kahawa ya kutafuna mfukoni. Kwetu mkipatana mnapasua tunda moja, punje yako, punje yangu, mnatafuna, neno limefungwa, hata mahakama haifungui. Nikampa yake. Akakataa. Mbele ya watu wote dukani!

"Nikitafuna leo nimekuuzia nisichokuwa nacho. Haifai. Ngoja niishike kwanza."

Nimerudi nyumbani na punje zote mbili mdomoni. Chungu. Mtu akikataa kahawa yako ni kama kakwambia unanuka. Ningekuwa na pengine pa kupata mashine, nisingemwamkia tena.

Ijumaa, 14 Agosti

Mashine imepakiwa Mwanza! Hasira imepoa, mimi si mtu wa kuweka kinyongo, kinachukua nafasi ya chakula. Nimepita kilabuni nikawanunulia wote rubisi. Nikawaambia mashine yangu iko njiani, wanawake wa hapa watakoma kutembea na mahindi kichwani kama wamehukumiwa. Mjane Nyiransabimana atasagiwa bure mpaka mashine izeeke. Jirani yangu Karekezi kauliza: yako, au ya Zubeiri? Nikamwambia yangu, andika popote.

Mukandekezi kasema mtoto haitwi jina kabla hajalia. Wivu tu.

Jumanne, 18 Agosti

Lori limeteleza kwenye mlima baada ya Kyaka. Dereva Sibomana mzima, kachubuka goti. Mashine imo korongoni.

Karekezi ndiye aliyeleta habari, anahema kama kakimbizwa. "Pole kwa mashine yako."

"Ya Zubeiri."

"Ijumaa ilikuwa yako. Tulikunywa."

Nimekaa migombani hadi mchana. Ni kweli, nimetangaza mwenyewe, kilabu kizima ni mashahidi. Zubeiri akisema leta kibanja, nitajibu nini? Mukandekezi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 19 Agosti

Zubeiri kaja asubuhi na baiskeli. Nikampokea, shikamoo mzee, sauti imekuwa ya kuku. Kakataa kukaa.

"Baba Anastazi, nimesikia watu wanakupa pole. Wanakosea mlango. Pole ni yangu."

Nikamwambia nilishasema mbele za watu mashine ni yangu.

"Ulisema wewe. Mimi nilisema? Sikuwa nimekukabidhi. Kitu kikiwa mkononi mwa muuzaji, kikiharibika ni chake. Ndiyo maana nakula faida, maana na hasara nabeba. Nisipobeba, mimi na yule bwana wa Bukoba tuna tofauti gani? Kofia?"

Kumbe ile kahawa! Angetafuna siku ile, desturi yetu ingenibana mpaka leo. Kunikataa mbele za watu ndiko kumeniokoa. Na yule bwana wa kiti kibovu, ningechukua fedha zake, sasa hivi ningekuwa na deni la chuma kilicholala korongoni.

Nimecheka mpaka Mukandekezi katoka jikoni. Naye kacheka. Halafu kafuta macho, kasema moshi.

Zubeiri kashika baiskeli aondoke. Mgongo umepinda. Nikamwuliza, nani atakuvutia mashine? Kasema atatafuta. Mzee, umesimama mbele ya utingo wa miaka tisa, unatafuta nani?

Alhamisi, 20 Agosti

Naandika huku mlimani, jioni. Tumekuja wanane, Karekezi pia, yeye na mdomo wake. Kamba, magogo, na akili yangu. Nilichovuta mimi kwenye matope ya Masaka kilikuwa kikubwa kuliko hiki. Mashine imefika nusu ya korongo, tumeifunga kwenye mti. Injini nzima. Nilikuwa naimba.

Zubeiri kashuka akaizunguka. Kaniita.

"Hapa chini, kwenye kitako. Umeona ufa?"

Sikuwa nimeona. Umejaa tope, hata fundi angepita asiuone.

"Basi nakuonyesha. Muuzaji akijua kasoro ya kitu chake huisema. Nikipata fundi wa kuunga nitaiuza kwa bei ya chini kuliko niliyonunulia. Ukiitaka, wewe kwanza. Usipoitaka, nenda kwa amani, huna deni langu hata la kamba."

Karekezi kapiga kelele kutoka juu: "Usikubali, we Leonidas, umeshapona!"

Kweli nimepona. Kibanja kipo, migomba ipo, nalala mtu huru. Nikainama, nikaingiza kidole kwenye ufa. Kimeingia mpaka ukucha umepotea. Nikamwangalia Zubeiri aniambie ni kidogo. Hakuniambia. Anaswali sasa, hapo kando ya jiwe, nami nimemshikia tochi yake, na akimaliza nitamwambia: iunge kwanza, nikaione ikisaga, halafu tutafune kahawa.